'Baba wa piano' aliyelala Westminster

Watalii wanaozuru Westminster Abbey, kanisa wanamotawazwa wafalme wa Uingereza, huyatafuta zaidi makaburi ya watawala na washairi.

Ni wachache wanaosita katika baraza za ua wake, alikozikwa Muitaliano Muzio Clementi mwaka 1832, chini ya jiwe linalosema kuwa aliitwa baba wa piano.

Kumbukumbu yake nyingine ni kibao cha buluu ukutani mwa nyumba aliyoishi, nambari 128 Kensington Church Street, magharibi mwa London.

Clementi, mtoto wa mfua fedha, alizaliwa Roma mwaka 1752. Alipokuwa kijana wa miaka kama 14, bwana mmoja Muingereza, Peter Beckford, alikubaliana na baba yake na kumchukua kwa miaka saba, akampigie muziki nyumbani kwake Dorset. Beckford mwenyewe aliandika baadaye kuwa alimnunua.

Neno hilo lina uzito wake, kwani ukoo wa Beckford ulitajirika kwa mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Hata hivyo, miaka saba ya Clementi ilikwisha, naye akaondoka huru kwenda London.

Mnamo Disemba 24, 1781, alishindanishwa na Mozart mjini Vienna mbele ya Mfalme Joseph wa Pili. Clementi alimsifu mpinzani wake. Mozart akamwandikia baba yake kuwa Muitaliano huyo ni fundi tu, hana hisia.

Hukumu hiyo imemwandama hadi leo, na si ya haki. Beethoven alizithamini sonata zake, na mwanafunzi wake John Field ndiye aliyeanzisha mtindo wa muziki ulioendelezwa na Chopin. Watoto wanaojifunza piano Nairobi au Kampala nao hukutana na sonatina zake za mwaka 1797.

Clementi alikuwa pia mfanyabiashara, aliyechapisha muziki na kuunda piano. Alipokwenda Urusi mwaka 1802 alimchukua Field, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigia wateja ili wanunue.

Hapa ndipo habari inapogusa Afrika Mashariki. Vibonyezo vyeupe vya piano vilivikwa pembe za ndovu. Ala hiyo ilipozidi kuenea Ulaya na Marekani katika karne ya 19, Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe, zilizoletwa kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi.

Kibao cha Kensington hakigusii hayo. Kinamtaja kama mtunzi tu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2022, inaruhusu piano yenye pembe kuuzwa iwapo tu imesajiliwa, iliundwa kabla ya mwaka 1975, na pembe ni chini ya asilimia 20 ya ala yote.