Muchezo umelipiwa, lakini ufunguo uko kwa mwingine

Wandugu wa kazi, leo sitaandika juu ya karatasi ya mushahara wala juu ya kontra za wale wa sutretansi. Nataka kuandika juu ya michezo ya kompyuta. Najua kuko wenye watasema: delege amekosa kazi. Mungoje kidogo. Ku nyumba nyingi za Manika na Dilala, kompyuta ilinunuliwa na primu ya mwisho wa mwaka, na mwenye kuishika toka saa ya masomo mpaka usiku ni mutoto. Franka zenyewe zilitoka ku jasho la baba ao la mama ku machimbo. Kwa hiyo jambo ni letu.

Malalamiko yenye ninasikia saa ya kula kazini ni ya namna mbili. Ya kwanza: muchezo umelipiwa, lakini unakataa kufunguka. Ya pili: unafunguka, kisha katikati unabloka na kujifunga wenyewe. Watu wanachanganya haya mawili, na fundi wa ku avenue naye anayachanganya, juu apate franka za kufuta mashine yote na kuianza upya.

Tuanze na la kwanza. Mwenzangu mumoja wa ekipi alimutumia shemeji yake wa Lubumbashi dola 60, juu muuzaji wa ku intaneti alitaka karte ya banki na yeye hana. Ilikuwa muchezo wa mpira, zawadi ya mutoto mwenye alifaulu eksame. Giga zaidi ya 50! Wakaushusha usiku tatu mfululizo, saa mega ziko bei ya chini, baba mwenyewe akiamka kuangalia kama umeme haujakatika. Asubuhi ya ine mega zilikuwa zimeisha. Mutoto akabonyeza, na ekra ikaandika kwamba lisansi haiwezi kuhakikishwa, ajiunge kwanza na intaneti. Ngambo ya ukuta, mutoto wa jirani alikuwa anacheza muchezo ule ule, wenye walimuwekea na flashi ku soko kwa franka 5.000.

"Mwenye aliiba njo eko anacheza," mwenzangu akaniambia. "Wangu mwenye nililipa eko anaangalia ekra. Delege, hii ni sheria ya wapi?"

Swali lake ni la sendika kabisa. Sisi tunajua fuye ya ku geti. Kila mwisho wa kazi mufanyakazi anatoa viatu, anafungua mufuko, wanamupapasa, hata kama ametumika miaka 20 bila kosa. Wakati ule ule, shaba yenye inapotea kwa kweli haipiti ku geti ya watembea kwa miguu. Inapita ku ukuta wa nyuma, na pengine ndani ya kamio nzima. Kufuli ya muchezo inatumika vile vile. Inamupapasa mwenye alipita ku mulango mukubwa na kulipa. Mwenye alipita nyuma hana kitu cha kupapaswa, juu ku kopi yake walishatoa kufuli.

Na mambo haya hayakuanza leo. Zamani kufuli ilikuwa ndani ya disike yenyewe. Wenye walinunua CD za michezo ku miaka ya 2000 na wangali nazo ku kabati, waziweke ku Windows 10: nyingi zitakataa, juu mwaka 2015 Microsoft ilitoa ile programu ndogo yenye kufuli ya SafeDisc ilikuwa inategemea. Disike ni nzima, risiti iko, lakini haifunguki.

Mwaka 2008 kampuni ya Marekani Electronic Arts iliuza muchezo Spore na sharti la kuuweka ku kompyuta mara 3 tu. Ukibadilisha mashine, ukifuta yote juu ya virusi, mara moja imeenda. Wanunuzi walikasirika, kampuni ikapandisha mpaka mara 5. Mwisho wa mwaka, kwa hesabu ya gazeti la intaneti TorrentFreak, Spore njo ilikuwa mbele ya michezo yote yenye ilinakiliwa bila kulipiwa: zaidi ya kopi milioni 1.7. Kufuli iliwabana wenye kulipa, na wezi wakapita.

Kisha wakaleta wazo lingine: muchezo uunganishwe na intaneti kila dakika, hata kama unacheza peke yako. Ubisoft ya Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 2010 na Assassin's Creed II. Mwezi wa tatu, siku chache kisha muchezo kutoka, serveri zao (zile kompyuta kubwa zenye kuhakikisha kila muchezaji) zikashambuliwa, na watu wenye walilipa wakabaki inje ya mulango. Mwaka 2013 ikawa zamu ya SimCity: serveri zikajaa, watu hawaingii, Amazon ikaacha kuuza kwa muda. Wenye kuutengeneza walisema kuuachilia uchezwe bila intaneti ni kazi kubwa sana. Mwezi wa tatu 2014 wakauachilia. Kumbe iliwezekana.

Hayo yalitokea ku inchi zenye intaneti inapita ku ukuta kama maji ku robine. Sasa uweke sharti hilo hapa kwetu, penye mega zinanunuliwa kidogo kidogo na umeme unakatika bila kuaga, hata kama mitambo ya Nzilo na Nseke iko karibu na nyaya zake zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda machimbo. Mwenye kuandika sharti lile hakutuwaza hata dakika moja.

Siku hizi kufuli yenye kujulikana zaidi ni Denuvo, ya watu wa Salzburg, Austria, yenye ilianza mwaka 2014. Hiyo haiombi intaneti kila dakika. Inahakikisha mara ya kwanza, kisha inarudi kuuliza wakati fulani, kwa mfano ukibadilisha kipande cha mashine. Lakini nayo ilitia watu aibu. Mwezi wa 11 mwaka 2021, anwani moja ya intaneti ya kufuli hiyo ilifika mwisho wa kontra na hakuna mwenye alikumbuka kuilipia upya. Wanunuzi wa michezo kadhaa wakakaa bila kucheza mpaka ikarekebishwa. Mwezi ule ule, prosesa mpya za Intel zilitoka zikiwa na sehemu za namna mbili ndani, na kufuli ya michezo kadhaa ikaona ni kama kompyuta mbili tofauti. Ikafunga.

Nisiwahukumu bila kuwasikiliza. Wenye kutengeneza michezo nao ni wafanyakazi. Muchezo mukubwa unaomba mamia ya watu na miaka ya kazi, na franka nyingi zinaingia ku majuma ya kwanza. Wanasema: kama mwizi anachelewa majuma hayo tu, kufuli imelipa. Kampuni zingine zinaitoa kisha, kama walivyofanya ku muchezo Doom mwezi wa 12 mwaka 2016. Hiyo naikubali. Lakini kuko na mufano mwingine. The Witcher 3 ya Poland, mwaka 2015, iliuzwa ku duka lao GOG bila kufuli yoyote. Mpaka 2023 ilikuwa imeuzwa kopi zaidi ya milioni 50, ukihesabu maduka yote na mashine zote. Mwenye kuaminiwa, mara nyingi, analipa.

Sasa nije ku flashi ya soko, juu sitaki mutu aseme delege anasifu wizi. Mwaka 2021 watu wa Avast, wenye kutengeneza antivirusi, walitangaza programu mbaya yenye waliita Crackonosh. Ilikuwa imefichwa ndani ya kopi za michezo zenye walitoa kufuli, kama GTA V na NBA 2K19. Ikiingia, inaua antivirusi, inazuia Windows isijitengeneze, kisha inaanza kuchimba. Ndiyo, kuchimba: inatumikisha kompyuta yako usiku na muchana kwa kutafuta franka ya intaneti yenye jina Monero, na faida inaenda kwa mwenye aliitia. Zaidi ya kompyuta 222.000 duniani, na Avast ilihesabu zaidi ya dola milioni 2.

Sisi wa Kolwezi tunaweza kuelewa jambo hilo bila mwalimu. Mwaka 2014 tuliona Kasulo, watu wakichimba koboti ndani ya parsele, chini ya sebule. Lakini pale mwenye parsele alijua shimo liko wapi, na alipata chake. Hapa kuko mutu anachimba ndani ya mashine yako, umeme unalipa wewe, na wewe unashangaa juu ya nini kompyuta inapata moto sawa jiko na muchezo unabloka. Kopi ya franka 5.000 inaweza kuua mashine ya dola 400.

Hiyo inatufikisha ku malalamiko ya pili. Muchezo wenye kujifunga katikati, mara nyingi kufuli haiko ndani ya shida. Kwanza uangalie vumbi. Barabara zetu na makamio yake munazijua. Vumbi lile linaziba feni, prosesa inapata moto, mashine inajizima yenyewe juu isiungue. Kufungua na kupuliza feni kila miezi mitatu kunaponyesha kompyuta nyingi kuliko kufuta yote. Pili, umeme wenye kupanda na kushuka: ununue stabilizateri mbele ya kununua muchezo. Kompyuta ya kubeba iko na batri, pengine yenye koboti ya hapa hapa ndani, na umeme ukikatika mutoto anapata dakika za kuhifadhi muchezo wake. Ile ya mezani inazima palepale, na kama ilikuwa inaandika, ile sehemu yenye alihifadhi inaweza kuharibika. Tatu, mashine nyingi zenye tunanunua ni okazioni za ofisi. Zilitengenezwa kwa kuandika barua. Usome nyuma ya muchezo inaomba memori ya giga ngapi na karte ya picha ya namna gani.

Kuko pia makosa ya kiwanda. Mwaka 2024 Intel ilikubali kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinajipa umeme mwingi kupita kipimo, na michezo ilikuwa inaanguka juu ya hiyo. Ikatoa programu ya kurekebisha na kuongeza garanti miaka 2. Nafikiri kuko watoto wenye walipigwa makelele siku zile, "umeharibu mashine!", na hawakuharibu kitu.

Sasa, jambo lenye linanikera zaidi kama mutu wa sendika: kontra yenyewe. Kode ya machimbo, ile yenye ilibadilishwa mwaka 2018, inapatia kampuni ruhusa ya kuchimba miaka 25, yenye inaweza kuongezwa. Udongo unabaki wa Serikali, lakini tarehe iko wazi ku karatasi. Mwenye kununua muchezo ku intaneti naye hapati muchezo, anapata ruhusa ya kuutumia. Tofauti ni kwamba hakuna mwenye anamupa tarehe. The Crew, muchezo wa mbio za magari wa Ubisoft, uliuzwa toka mwaka 2014. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2024 serveri zikafungwa na muchezo ukakufa kwa wote, hata kwa wenye kucheza peke yao.

Pale watu walifanya yenye sisi tunafanya. Mumarekani Ross Scott alianzisha kampeni Stop Killing Games, na mwezi wa saba 2025 sahihi za watu wa Ulaya zikapita milioni moja, juu sheria ilazimishe kampuni kuacha muchezo unachezeka hata kisha serveri kufungwa. Ku California, toka mwaka 2025, muuzaji wa intaneti analazimishwa kusema wazi kama unanunua lisansi tu. Ni sendika ya wanunuzi, hata kama hawaiite hivyo.

Kwa mwenye anataka kununua mwisho wa mwezi huu: mbele ya kulipa, soma ku ukurasa wa muchezo kama wanaandika unaomba intaneti kila wakati, ao kama uko na Denuvo. GOG inauza michezo bila kufuli. Ukishashusha, weka kopi ku disike ya inje na imekuwa yako. Kwa wale wa Steam, fungua muchezo mara moja mega zikiwa zingali, kisha ukate intaneti na ujaribu tena palepale. Ukikataa, omba franka zako: Steam inarudisha kama haijapita siku 14 na haujacheza masaa 2. Siku hizo zinahesabiwa toka siku ya kulipa, si toka siku muchezo ulimaliza kushuka.