Moyo Wenye Tundu na Hatari ya Ujauzito

Mama mjamzito anayepandisha mlima Uluguru huhema, na wengi huona ni kawaida. Lakini kwa aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, kuhema huko kwaweza kuwa onyo.

Tundu kubwa lisipozibwa mapema, damu nyingi mno huenda kwenye mapafu. Miaka ikipita, mishipa ya mapafu hukakamaa na shinikizo ndani yake hupanda. Kipimo cha presha cha mkononi hakilioni. Huhitajika eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Mishipa iliyokakamaa haimudu ongezeko hilo, na moyo huelemewa. Hatari huzidi wakati wa kujifungua na siku za mwanzo baada yake. Ndiyo maana madaktari huwashauri wanawake wenye shinikizo hilo wasishike mimba. Hata hivyo, wengi ambao tundu lao lilizibwa mapema huzaa salama.

Wachumba waelezane habari hizi kabla ya ndoa, na wapime mapema. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Safari ianzie hospitali ya mkoa, Morogoro. Aliyekwisha kushika mimba asisubiri: kuzimia, midomo kuwa ya bluu au kushindwa kulala chali ni dalili za kuwahi hospitali.

Nasi tunaowasindikiza wanandoa, tusimlaumu mke aliyeshauriwa asizae. Anahitaji mume na jumuiya ya kumtia moyo.