Valvu za Redio ya Zamani na Maandishi ya Kwenye Kioo

Ile Barabara Kuu ya Kaskazini inayopita katikati ya mji wa Babati kuelekea Arusha inatoka mbali kusini, Zambia na kuendelea. Huko Zambia, wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, kampuni ya Ever Ready ilitoa mwaka 1949 redio yenye umbo la sufuria kwa ajili ya wasikilizaji wasio na umeme. Ilikuwa na valvu nne, na betri yake kavu ilidumu takriban saa 300. Mwaka 1951 Dar es Salaam nayo ikaanza kurusha matangazo. Redio za valvu zikaingia sebuleni na madukani, hadi transista zilipoziondoa.

Sasa valvu zina wateja wapya. Wapenzi wa muziki wananunua amplifaya ndogo za hedifoni zenye valvu moja au mbili zinazowaka rangi ya chungwa, kisha wanatafuta valvu za zamani za kujaribia. Mtu wa Babati mwenye redio ya babu yake stoo ana haki ya kuuliza kama kilichomo ndani kinafaa.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Hita hupasha kathodi moto, elektroni zikachomoka na kukimbilia anodi. John Ambrose Fleming aliivumbua valvu ya vipande hivyo viwili mwaka 1904. Muda mfupi baadaye Lee de Forest akaongeza gridi katikati, nayo huzibana au kuziachia elektroni kama mchungaji anayesimama kwenye lango la zizi. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huzaa badiliko kubwa kwenye anodi, na hapo ndipo sauti inapokuzwa.

Majina ya valvu za Ulaya yana mpangilio wa kupendeza. Herufi ya kwanza hutaja hita: D ni volti 1.4, E ni volti 6.3, na P ni ya hita zinazounganishwa mfululizo, zilizotumika sana kwenye runinga. (Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994, kwa hiyo redio ndiyo ya kutazamiwa stoo.) Herufi zinazofuata hutaja kilichomo ndani: C ni triodi (valvu yenye gridi moja, kama ya de Forest), CC triodi mbili, L valvu ya kusukuma spika. Tarakimu ya kwanza hueleza kitako: 8 ni pini tisa, 9 ni pini saba.

Redio ya betri ya miaka ya 1950 huenda ikawa na DK96, DF96, DAF96 na DL96. Zote ni za volti 1.4 na pini saba, wakati amplifaya nyingi za hedifoni hutaka pini tisa, kama ECC82 au ECC88. Haziingii hata kwenye soketi. Zibaki kwenye redio yao.

Pini tisa nazo zina mtego. ECC81, ECC82 na ECC83 zina mpangilio mmoja wa pini. ECC88 inafanana nazo kwa umbo, lakini hita yake iko kati ya pini 4 na 5 peke yake. Ikichomekwa penye soketi iliyofungwa kwa volti 12.6 itapata volti mara mbili ya inazostahili, iungue. Kwenye soketi iliyofungwa kwa volti 6.3, ambapo pini hizo mbili zimeunganishwa, itabaki baridi.

Nembo iliyochapwa kwa rangi haitoshi kuaminiwa. Rangi hufutika, na hata zamani viwanda viliuziana valvu na kuzibandika majina yao. Ushahidi mzuri zaidi uko chini ya kioo: alama hafifu za kijivu zinazoonekana vizuri ukikipulizia pumzi kikapata ukungu. Kwenye valvu za familia ya Philips, B4D3 husomeka hivi: B ni kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, 4 ni mwaka unaoishia na 4, D ni Aprili, 3 ni wiki. Pembetatu mahali pa B ni Heerlen, Uholanzi. Kama ni 1954 au 1964, umbo la vyuma vya ndani ndilo litakaloamua. Valvu nyingi za Telefunken zina almasi ndogo iliyofinyangwa kwenye kioo, kati ya pini.

Tazama pia doa la fedha ndani ya kioo. Ni bariamu, kazi yake ni kunyonya hewa iliyobaki. Likiwa jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa.

Kulinganisha kwa masikio kunahitaji uangalifu. ECC82 hukuza takriban mara 17, ECC81 mara 60, ECC83 mara 100. Anayetoa ya kwanza na kuweka ya pili atasikia sauti imepanda, na sikio huipenda sauti kubwa hata kama muziki haukubadilika. Kwa hiyo volti ya kutoka ipimwe kwa mita na kusawazishwa kwanza, halafu msaidizi abadilishe valvu bila msikilizaji kujua ipi ni ipi. Kugonga kioo taratibu kwa penseli nako kuna faida: valvu iliyolegea ndani italia kama kengele kwenye hedifoni.

Kabla ya yote hayo, redio ya umeme ichomolewe na kapasita zake zimwagwe chaji kwa rezista. Zinaweza kushikilia mamia ya volti baada ya waya kutoka ukutani.