Puerto Vallarta: Mji wa Mexico unaoishi kwa baridi ya wengine

INAPOFIKA Desemba, wastaafu wengi wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani hufunga nyumba zao, humwachia jirani funguo na kuabiri ndege kuelekea kusini. Huitwa ‘ndege wa theluji’, kwa kuwa mwendo wao ni ule ule wa ndege wanaohama kipupwe kikianza kuuma.

Miongoni mwa miji wanayoikimbilia ni Puerto Vallarta, ulio katika jimbo la Jalisco kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Januari, wakati ambapo usiku katika mji kama Winnipeg huweza kushuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sufuri, mchana wa Vallarta hukaribia nyuzijoto 28 na mvua ni adimu.

Siri ya hali hiyo imo katika umbo la nchi. Mji huo umekaa ndani ya Ghuba ya Banderas, nao mgongoni umekingwa na milima ya Sierra Madre inayozuia pepo baridi kutoka kaskazini. Karibu mvua yote ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Oktoba, msimu ambao pia huleta vimbunga. Oktoba 2002, Kimbunga Kenna kilisukuma bahari hadi ndani ya hoteli na maduka ya ufuoni. Kufikia Desemba hatari hiyo huwa imepita, na anga hubaki buluu kwa miezi mitano au zaidi.

Si binadamu pekee wanaoujua utulivu huo. Nyangumi wenye nundu hutoka katika maji baridi ya kaskazini mwa Pasifiki na kuingia ghubani kujamiiana na kuzaa. Serikali ya Mexico huruhusu mashua za watalii kuwafuata kuanzia Desemba 8 hadi Machi 23 pekee.

Hadi katikati ya karne iliyopita, Vallarta kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima ambacho ni wachache waliokifahamu. Kiliitwa Las Peñas hadi 1918, kilipopewa jina la Ignacio Vallarta, aliyewahi kuwa gavana wa Jalisco. Kilichokitoa gizani ni filamu. Mnamo 1963 mwelekezi John Huston alifika katika ufuo wa Mismaloya, kusini mwa mji, kutengeneza The Night of the Iguana. Mwigizaji Richard Burton alikuja akiandamana na Elizabeth Taylor, ingawa kila mmoja alikuwa bado na ndoa yake. Wanahabari wakafurika. Huenda hakuna tangazo la kulipiwa ambalo lingeufaa mji huo kuliko uvumi ule.

Serikali nayo haikulala. Mnamo Agosti 1970, Rais Gustavo Díaz Ordaz alikutana huko na Rais Richard Nixon wa Marekani, na uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji huo hadi leo una jina la kiongozi huyo wa Mexico.

Hapo ndipo swali la ardhi lilipoanza kuwa zito. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 1917 kinamkataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini. Wamexico waliandika hivyo kwa uchungu, kwani katika karne ya 19 walikuwa wamepokonywa na Marekani takriban nusu ya nchi yao. Vallarta yote imo ndani ya ukanda huo.

Hata hivyo, sheria ilifunguliwa mlango wa pembeni. Benki ya Mexico hushika hati kwa niaba ya mgeni chini ya mpango wa amana uitwao fideicomiso. Mgeni huishi humo, hupangisha, huuza na hata kurithisha. Tangu 1993 muda wa amana hiyo umekuwa miaka 50, nao huweza kuongezwa. Kwa jina hamiliki. Kwa vitendo, ni vigumu kuona tofauti.

Pia mnamo 1992, kifungu hicho hicho kilirekebishwa ili ardhi za ejido, zilizogawiwa wakulima kwa pamoja baada ya mapinduzi, ziweze kubinafsishwa na kuuzwa.

Matokeo yake yanaonekana asubuhi, mabasi yanapowashusha wapishi, watandika vitanda na watunza bustani. Wengi wao hawaishi karibu na bahari. Hutoka mitaa ya ndani kama Pitillal, au ng’ambo ya Mto Ameca katika jimbo jirani la Nayarit. Nyumba zinazotazama ghuba hutangazwa kwa dola, ilhali kima cha chini cha mshahara mwaka wa 2025 kilikuwa peso 278.80 kwa siku. Mfanyakazi ana haki ya kuogelea, maana fuo zote za Mexico ni mali ya umma na tangu 2020 anayewazuia watu kufika huko hutozwa faini. Kulala karibu nazo ni jambo jingine.

Nguvu ya mgeni imegusa hata saa. Nayarit ilikuwa nyuma ya Jalisco kwa saa moja, na watalii waliolala ng’ambo ya mto walikuwa wakiachwa na ndege. Mnamo 2010 manispaa ya Bahía de Banderas iliacha saa za jimbo lake na kufuata za Vallarta.

‘Ndege wa theluji’ wenyewe hawakai milele. Mexico humruhusu mtalii kukaa siku 180 zisizozidi, na mikoa ya Kanada humnyima bima ya afya mkazi anayekaa nje kupita kiasi. Ontario hudai awe nyumbani angalau siku 153 katika kila miezi 12. Kwa hivyo kufikia Aprili wengi huwa wameondoka. Wiki ya Pasaka ufuo huwa wa Wamexico wenyewe, familia kutoka Guadalajara zikija na watoto, vyungu na miavuli. Kisha mvua za Juni huanza, na wahudumu wa hoteli huhesabu akiba yao hadi Novemba.