Taa inawaka, lakini kuku wameliwa



Katika kikundi kimoja cha Walungu, mama mmoja aliamka asubuhi akakuta manyoya tu. Kuku 7 wameisha. Ilikuwa pesa ya masomo ya mtoto wake. Wavu wa umeme ulikuwa umezunguka fasi yote, na taa ya mashine iko inawaka. Akaniuliza: "Agronomu, si ulituambia nyama wa pori hawezi kupita hapa?"

Nilitafuta kosa, nikaliona. Lilikuwa langu: niliwafundisha kusimamisha wavu, sikuwafundisha kuupima.

Wavu huu ni mwepesi, una nyuzi za chuma ndani, na kimo chake ni karibu mita 1. Mashine ndogo yenye batri na pano ya jua inatuma pigo la umeme karibu kila segonde. Pigo lina volti elfu kadhaa lakini ni fupi sana: linauma, haliui. Kicheche ao mbwa akigusa, umeme unapita mwilini mwake, unashuka udongoni, unarudi kwa mashine kupitia chuma kilichopigwa chini. Njia hiyo ikikatika, nyama hasikii kitu.

Kwa mama yule kulikuwa makosa mawili. Chuma cha chini kilikuwa kifupi, na kilipigwa kwenye changarawe kavu, mwezi wa 7. Tena majani yalikuwa yanagusa wavu. Umande ukayalowanisha, umeme ukaishia humo. Taa ilionyesha kwamba mashine inatumika. Haikuonyesha kwamba wavu una nguvu.

Basi mufanye hivi:

- Mupige chuma cha mita 1 fasi yenye unyevu. Wakati wa kiangazi, mukimwagie maji.
- Mufyeke majani chini ya wavu, kisha mukague tena kila siku.
- Mupime kila jioni kwa kipimo chake. Ikiwa chini ya volti 3.000, mutafute kosa mbele ya usiku.
- Usiku kuku walale ndani ya nyumba yao, mlango umefungwa.
- Musiunganishe wavu na umeme wa nyumba, hata siku moja. Huo unaua, na wa kwanza kugusa atakuwa mtoto. Mutumie mashine yake tu.

Wavu hauzuie mwewe, nyoka mdogo, wala mwizi. Hauzuie kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wote wa kijiji. Chanjo ije mbele ya wavu.

Faida yake kubwa ni kwamba unahama. Wavu wa mita 50 unafunga mraba wa mita 12 na nusu kila upande. Leo kuku wanakula wadudu kwenye shamba lililovunwa na kuacha mbolea, kisha munausogeza. Na wakati wa kupanda maharagi, hakuna tena maneno na jirani juu ya mbegu zilizochokolewa.

Lakini ni wa bei, na mtu mmoja atashindwa kuununua peke yake. Kikundi kikitaka kuununua, swali la kwanza lisiwe pesa. Muulizane: nani atapima kila jioni? Mama wa Walungu sasa anapima mbele ya kuweka sufuria kwa moto. Kama kwenu hakuna mtu wa kazi hiyo, pesa yenu inunue mbao, misumari na kufuli, mujenge nyumba nzuri ya kuku.