Arosto Hutoka Wapi

Mtumiaji wa unga, yaani heroini, akikosa dozi kwa saa 6 hadi 12, mwili huanza kudai. Kamasi zinachuruzika, miayo haikomi, tumbo linaharisha, mifupa inauma mpaka usingizi unakata. Vijiweni wanaiita arosto. Wapita njia wengi huiona kuwa ni deko au ulegevu wa tabia, na hapo ndipo tunapowaonea wagonjwa.

Arosto huanzia ubongoni. Huko seli za neva huachana kwa upenyo mwembamba mno. Ujumbe huuvuka kwa kemikali: seli moja humwaga, ya pili hunasa kwa protini ziitwazo vipokezi. Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walieleza kemikali mbili za namna hiyo, enkefalini, ambazo ubongo hujitengenezea na ambazo hutuliza maumivu. Heroini ikifika ubongoni hugeuka mofini na kukalia vipokezi vya enkefalini. Seli zinazoizuia kemikali nyingine, dopamini, hunyamazishwa, dopamini inafurika, na ndiyo raha ya mwanzo.

Ubongo nao haukubali kuzidiwa. Katika shina lake kuna seli za noradrenalini, kemikali inayotuamsha na kututia tahadhari. Mofini huzididimiza, nazo, siku hata siku, huongeza juhudi ili zirudi katika kiwango chao. Ndiyo maana kete ya jana leo haitoshi. Unga ukikosekana, juhudi ile hubaki bila kizuizi: jasho, moyo kwenda mbio, hofu, vinyweleo kusimama. Kumkemea mwenye arosto ni sawa na kuikemea homa.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu huu ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, hukalia vipokezi hivyo hivyo, ila hupanda taratibu na kudumu, hivyo dozi moja ya kunywa humtosha mtu kutwa. Wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi wanasahau kwamba aliyetulia hivyo anaweza kufanya kazi na kulea wanawe.

Hatari kubwa ya unga iko kwenye pumzi, maana vipokezi hivyo vimo pia katika sehemu ya ubongo inayoiendesha. Aliyekaa muda bila unga, labda gerezani, ustahimilivu wake umeshuka. Akirudia kipimo cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Naloksoni huing'oa mofini kwenye vipokezi, na akiwahiwa, mtu huanza kupumua tena ndani ya dakika chache. Dawa hiyo ingepaswa kuwa karibu na kila kijiwe.