Unyumba baada ya mionzi ni sehemu ya matibabu

Mwanamke wa Mutomo au Kibwezi anayegunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi huwa na safari ndefu mbele yake. Mashine nyingi za mionzi ziko Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na hospitali kadhaa za kibinafsi. Mgonjwa wa Mwingi anaweza pia kushika barabara ya Garissa, ambako serikali imefungua kituo. Kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, kisha hupewa mionzi ya ndani mara kadhaa, kifaa kikipitishwa ukeni hadi penye uvimbe. Muda huo hulala kwa ndugu au hukodi chumba, na nyumbani watu wanauza mbuzi na kuchanga kanisani. Akimaliza hupewa tarehe ya kurudi kliniki, akapanda gari la kwao. Madhara yanayogusa unyumba wake hujitokeza akiwa huko nyumbani, miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna anayemwangalia. Ndiyo maana nashikilia kwamba kumsaidia arudie starehe ya mwili wake ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kwamba kazi hiyo ianze kabla ya mashine kuwashwa, kisha iendelezwe nyumbani, katika kaunti za Kitui na Makueni.

Mionzi inayoua seli za saratani hudhuru pia ngozi laini ya uke na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Kwanza huja uwekundu na vidonda, ambavyo hupona baada ya wiki kadhaa. Linalofuata ni la polepole zaidi: nyama iliyopona hujenga kovu, hupoteza ulaini na unyevu, na kuta za uke zinaweza kushikana. Njia hubana na kuwa fupi. Hali hii huanza ndani ya miezi michache na inaweza kuendelea kwa miaka. Isitoshe, ovari zikiwa ndani ya eneo la mionzi huacha kufanya kazi, hivyo mwanamke wa miaka 35 ambaye bado alikuwa akipata hedhi hujikuta amekoma kwa ghafla, na joto la ghafla, jasho la usiku, ukavu na usingizi wa mang'amung'amu humjia kwa pamoja. Kibofu na utumbo navyo huwa vimeguswa: anakwenda haja mara kwa mara, pengine anaharisha. Ukijumlisha uchovu, utaona kwa nini usiku wa kwanza wa kujaribu tena huishia kwa maumivu, na kwa nini wengi hawajaribu mara ya pili.

Msaada uliopo si mgumu kuueleza. Kifaa kikuu ni kipanuzi cha uke, mrija laini wa plastiki au silikoni wenye ncha ya mviringo, ambao huja kwa saizi kadhaa. Vidonda vikishapona, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nane baada ya mionzi na kwa idhini ya daktari, mwanamke hulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, hupaka kilainishi cha maji, huuingiza mrija taratibu hadi anapohisi mkazo, si maumivu, na kuuzungusha kidogo kwa dakika tano hadi kumi. Hufanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki, huuosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na huanza na saizi ndogo. Asiye na kipanuzi anaweza kuelekezwa na muuguzi kutumia kidole chake kisafi. Matone machache ya damu ya rangi ya waridi hayashangazi. Damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, au mkojo na choo kuvuja bila kizuizi ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka yasitumiwe pamoja na kondomu za mpira kwa kuwa huzipasua. Ukavu usioisha una dawa za homoni za kupaka ukeni, na mwanamke aliyekoma hedhi mapema anaweza kujadili na daktari homoni za mwili mzima, ambazo kwa aina ya saratani ya mlango wa kizazi iliyo ya kawaida zaidi hazikatazwi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Mtu ameponea chupuchupu, vipi aanze kuulizia mambo ya kitandani? Hoja hii ina uzito mahali ambapo wengi hawaponi: mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 5,236 wa saratani hii na vifo 3,211. Lakini inasahau kwamba uke uliozibika humnyima hata daktari nafasi ya kupima. Ufuatiliaji wa saratani hii hutegemea kuutazama mlango wa kizazi na kuupapasa, na palipojifunga kwa kovu, ugonjwa unaorudi unaweza kujificha, au kipimo chenyewe kikawa mateso ambayo mwanamke anayakwepa. Kwa hiyo mjane, mtawa na asiyetaka mume tena wote wanastahili kuelezwa kuhusu kipanuzi. Anayetaka unyumba naye hana haja ya kuomba radhi. Ndoa nyingi za Ukambani huishi kwa umbali, mume akifanya kazi Nairobi au Mombasa na kuja mwisho wa mwezi, na siku hizo chache zikijaa hofu na maumivu yasiyosemwa, nyumba hutikisika.

Pingamizi nzito zaidi hutoka kwa wanasayansi wenyewe. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yalisema hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kupanua uke kwa kila mgonjwa huzuia madhara haya, na yakaonya kwamba kufanya hivyo wakati mionzi ingali ikiendelea kunaweza kudhuru. Onyo hilo lifuatwe. Lakini ushahidi kukosekana si sawa na kuthibitisha kwamba njia haifai. Majaribio mazuri ni machache kwa sababu jambo lenyewe halikupewa uzito. Katika utafiti wa kimataifa wa EMBRACE, wanawake waliotumia kipanuzi au kufanya tendo la ndoa mara kwa mara walionekana kubanwa kwa kiwango kidogo. Ni kweli kwamba asiyeumia ndiye anayeendelea kwa urahisi, hivyo sababu na matokeo vimechanganyika. Hata hivyo kifaa ni cha bei nafuu, madhara yake ni madogo kikitumiwa kwa wakati wake, na gharama ya kungoja hulipwa na mwanamke.

Kuna pia mume. Wengine huogopa kwamba saratani itawaambukiza au kwamba mke bado ana mionzi mwilini. Mionzi ya nje haibaki mwilini mashine ikizimwa, na chanzo cha ile ya ndani inayotumika kwa kawaida huondolewa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Saratani haihami kutoka kwa mtu hadi kwa mtu; kinachohama ni kirusi cha HPV, ambacho ni cha kawaida sana na ambacho yaelekea wote wawili wamekutana nacho zamani. Hofu ya mume ya kumuumiza mkewe ni ya haki, na dawa yake ni kumwachia mke aamue kina na mwendo, kwa mfano akiwa juu au wakilala ubavu. Wanaume nao wana yao: aliyepigwa mionzi ya tezi dume anaweza kuona nguvu zikipungua kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu, na vidonge kama sildenafil huwasaidia wengi wao, mradi hawatumii dawa za moyo za jamii ya nitrati.

Husemwa kwamba mila zetu haziruhusu mazungumzo haya. Mbona kliniki hizo hizo zinazungumzia uzazi wa mpango na Ukimwi kila siku? Wauguzi wanaopima mlango wa kizazi kwa siki tayari wameaminiwa na wanawake, na ndio wanaofaa kufundishwa kutoa maelezo haya. Makueni ilianzisha bima ya kaunti mwaka 2016 ambayo familia ililipa Sh500 kwa mwaka. Kaunti iliyothubutu hivyo haiwezi kushindwa kuweka vipanuzi na vilainishi Wote na Makindu, wala Kitui kuviweka Mwingi na Mutomo. Hadi hilo litimie, wewe uliyemaliza mionzi usingoje daktari aanze. Tarehe yako ya kliniki ikifika, mwambie unapoumia, muulize kuhusu kipanuzi, na kama una mume mwingie pamoja.